Yale magurudumu ya mbao kwenye nyumba za Waifugao si mapambo

Mhariri,

Nimesoma ukurasa wenu wa safari wa Jumamosi iliyopita, ile makala ya nyumba za nyasi za Waifugao wa kaskazini mwa Ufilipino, nikaona niandike kabla hasira haijapoa. Picha ni nzuri, sina neno nazo. Kilichoniudhi ni maelezo. Mmeandika kwamba yale magurudumu ya mbao yaliyovishwa kwenye nguzo ni "mapambo ya jadi". Mmeandika kwamba nyumba hazina madirisha kwa kuwa wenyeji "huogopa mizimu". Halafu mkamalizia kwamba siku hizi watu wanaezeka kwa bati kwa sababu "wamesahau walikotoka". Mambo matatu, na hakuna hata moja lililosimama.

Mimi ni bibi shamba mstaafu. Utumishi wangu karibu wote umekwenda kwenye hifadhi ya mazao baada ya kuvuna, maana yake ni kwamba nimeishi na vihenge, magunia, fukusi na panya kuliko nilivyoishi na watu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilipelekwa kwenye mafunzo Los Baños, kusini ya Manila, kwenye Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, ambako wataalamu wengi wa mpunga wa Afrika wamepitia. Darasani tulikuwa na mwenzetu mzaliwa wa Kiangan, mkoa wa Ifugao. Mapumziko yalipofika akatubeba baadhi yetu, basi la usiku kucha, asubuhi tukaamkia milimani kwenye baridi ambayo sikuifikiria kwa nchi ile. Kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona kwa macho, na mengine nimeyashika kwa mikono.

Nianze na hayo magurudumu, maana ndiyo yaliyonifanya nitafute kalamu. Wenyewe huyaita halipan. Nyumba ya Kiifugao, bale, inasimama juu ya nguzo nne tu za mti mgumu. Mti wanaoupenda zaidi kwa kazi hiyo ni amugawan. Kila nguzo, karibu kabisa na kichwa chake, pale inapokaribia kupokea boriti, imevishwa kipande kizito cha mbao cha mviringo kilichotobolewa katikati, kipana kama sufuria ya pilau ya harusi. Panya anapanda nguzo bila taabu, nguzo ya mbao kwake ni barabara. Akifika juu anakutana na kitu kilichomtangulia kutokeza nje pande zote. Kutembea chali chini ya ile mbao iliyolainishwa hawezi, kujirusha kwa nje audake ukingo hawezi. Anateremka alivyopanda. Kazi ya halipan ni hiyo tu, na inaifanya miaka nenda miaka rudi bila dawa.

Mhariri, wasomaji wako wa Mbarali, Kyela na Kilombero watanielewa haraka. Tulitumia miaka kuwashawishi wakulima wavishe miguu ya vihenge koni za bati. Miguu iwe na urefu wa mita moja au zaidi, kihenge kisigusane na ukuta wala tawi la mti, na ngazi isiachwe imeegemea. Hilo la ngazi ndilo lililotushinda. Nimekagua vihenge vyenye koni safi, zimekatwa vizuri, zimepigiliwa vizuri, na ngazi imelala pale pale usiku na mchana, na panya ndani wamenenepa. Sasa, Waifugao ngazi yao huondolewa usiku. Watu wengi watakwambia sababu ni maadui wa enzi za kukatana vichwa, na mimi sibishani na historia. Lakini ngazi ikiondoka, panya naye amefungiwa njia, na adui wa kukata vichwa ameshaisha tangu zamani wakati panya bado yupo.

Hapo ndipo ninapotaka mwandishi wenu anielewe. Yeye ameitazama bale kama makazi ya watu yaliyoinuliwa juu ya nguzo, akashangaa kwa nini makazi ni madogo, ya giza na ya moshi. Aigeuze. Ile ni ghala ya mpunga ambayo watu wanalala ndani yake. Ukiishika hivyo kila kitu kinaingia mahali pake.

Tulipofika kwa shangazi yake mwenzetu tuliteremka kwa miguu kwenye kingo za majaruba, kingo nyembamba ambazo watoto wa pale wanazikimbilia na sisi wageni tulizitambaa. Mama yule alikuwa amekaa chini ya nyumba, anapeta. Chini ya bale, Mhariri, ndiyo sebule. Sakafu iko juu kiasi cha mtu kusimama au kuinama kidogo, ardhi imetandikwa mawe, na hapo ndipo kinu na mchi vinapokaa, hapo wanawake hufumia nguo, hapo kuku na watoto hukimbilia mvua ikinyesha. Tukaamkiana kupitia kwa mpwa wake. Mimi nilikuwa mdogo kwake, nikainama kama ninavyowainamia wakubwa kwetu, naye akacheka akanishika mkono akaniketisha karibu na ungo. Swali lake la kwanza halikuhusu Afrika wala simba.

"Kwenu mpunga mnauweka wapi?"

Nikamwambia, wengi kwenye magunia, chumbani.

"Chini?"

Chini, nikasema, au juu ya mbao.

Akamtazama mpwa wake kama anayehakikisha kwamba ametafsiri sawasawa. "Na panya?"

Mpwa wake hakuwa na la kutafsiri, maana sikujibu. Nilipewa ngazi nipande nikaone.

Ndani ni chumba kimoja, hatua tano hivi kila upande kwa hatua zangu. Kuna milango miwili, wa mbele na wa nyuma, na hakuna dirisha. Kuta zimelalia nje kidogo, zinaishia kwenye ubao mpana unaozunguka chumba chote kama rafu, na juu yake kulikuwa na vyungu, vikapu na redio. Jiko liko kwenye kona: boksi la mbao lililojazwa udongo, mafiga matatu. Juu ya jiko kuna kichanja. Na juu ya kichanja, ukiinua uso, ndipo paa linapoanza kupanda, pande zake nne zikienda kukutana kileleni, na humo ndani ya tumbo la paa ndimo mpunga ulimo.

Mpunga wao wa asili huitwa tinawon, kwa kuwa huvunwa mara moja tu kwa mwaka. Hawaukati kwa mundu halafu wakaupiga. Huchuma suke moja moja kwa kisu kidogo kinachofichika kiganjani, wanayakusanya masuke kuwa kitita, wanakifunga shingoni, wanakianika juani, kisha wanakipandisha darini na mabua yake. Kinachotwangwa ni cha kuliwa leo au kesho. Kwa mtu wa fani yangu hili si jambo dogo. Punje iliyobaki kwenye suke, ganda lake likiwa zima, fukusi anapata kazi kubwa kuiingia. Mpunga uliopigwa kwa fimbo au kukanyagwa na trekta, baadhi ya maganda yamepasuka hata kabla haujaingia gunia, na tunashangaa miezi mitatu baadaye gunia linapotoa unga.

Nilifanya nililozoea kulifanya kila kihenge nilichowahi kupanda. Nikachomoa punje chache kwenye kitita cha chini kabisa, kile kilicho karibu na moshi, nikazing'ata. Zililia. Kavu kabisa. Nikapitisha kidole kwenye mabua, kidole kikatoka cheusi. Kila kitu mle juu kilikuwa cheusi kwa masizi: fito za matete ya runo, kamba za kufungia, upande wa ndani wa nyasi, mpaka boriti ziling'aa kama zimepakwa lami. Moshi ule unafanya kazi tatu bila kulipwa. Unakausha mpunga, ambao katika milima yenye ukungu na mvua kama ile ungeota ukungu haraka. Unawafukuza wadudu. Na unazihifadhi nyasi zenyewe na kamba zake zisioze wala zisiliwe, ndiyo maana paa la bale inayopikiwa humo hudumu kuliko paa la bale iliyohamwa.

Wazee wetu waliotundika mahindi ya mbegu juu ya mafiga walijua hivyo hivyo. Alipoingia yule dumuzi mkubwa ambaye wakulima walimbatiza jina la Scania, waliosalimika na mbegu zao wengi walikuwa ni hao wa moshini, na sisi wataalamu tulikuwa tumeshawaambia jiko la ndani ni ushamba.

Kwa hiyo madirisha, Mhariri, ya nini? Dirisha lingetoa moshi kabla haujafika kwenye mpunga, lingetoa joto katika mahali palipo mita elfu moja na zaidi juu ya bahari, na lingempa panya mlango wa tatu. Mizimu wanayo, sikatai, kila kabila lina yake. Lakini huwezi kuchukua uamuzi wa fundi ukaupachika kwa mizimu eti kwa sababu hukumuuliza fundi.

Sitaki pia nionekane nimelewa na moshi. Dakika chache mle ndani nilikohoa mpaka machozi. Mama yule alikuwa na kikohozi cha watu wanaopika kwa kuni maisha yao yote, kile ninachokijua kutoka kwa mama yangu. Ghala bora ni jiko baya. Ukiishi ndani ya kitu kilichopangwa kwa ajili ya mpunga, mpunga ndio unaostarehe. Hata kwa nafasi ni hivyo hivyo: bale haikukusudiwa familia nzima. Ni ya mume na mke na watoto wadogo. Zamani watoto wakishapata akili walihamia kulala kwingine, wasichana kwenye nyumba yao inayoitwa agamang, mara nyingi pamoja na mama mjane wa kuwaangalia.

Niseme kidogo kuhusu ufundi, maana mwandishi wenu aliupitia kwa sentensi moja. Hakuna msumari. Sakafu, kuta, boriti, vyote vinashikana kwa ndimi na matundu, vigingi na kamba. Mbao za zamani zilichongwa kwa shoka na tezo bila msumeno, na ukizitazama kwa mwanga wa pembeni unaona alama za tezo zikienda kwa safu. Miti hutoka kwenye muyong, msitu wa ukoo ulio juu ya majaruba, ambao kila familia huutunza wenyewe na ambao ndio huohuo unaoyashikia maji majaruba ya chini. Kwa hiyo mtu akijenga nyumba anakata kwenye tangi lake la maji, na anajua asikate kupita kiasi.

Na kwa kuwa haina msumari, bale inafumuliwa. Unaanza na paa, unashusha kuta, unachomoa sakafu, watu wa kijiji wanabeba, mnaisimamisha mahali pengine. Hii sifa ndiyo iliyoziponza pia. Mfanyabiashara akija na lori ananunua nyumba nzima, anaipanga vipande, anaondoka nayo. Kwenye mji wa Baguio kuna kijiji cha wasanii kiitwacho Tam-awan ambacho kimejengwa kwa nyumba za Kiifugao zilizofumuliwa milimani na kusimamishwa upya kwa ajili ya wageni. Nimefika. Zimetunzwa, hilo nawapa. Wamezitandikia magodoro. Nilitazama juu darini, patupu, hata masizi yameanza kupauka.

Yale mafuvu kwenye ukuta ambayo makala yenu iliyapa aya mbili nzima, yale kwenye picha ni ya nguruwe na nyati wa kufugwa. Zamani ya binadamu yalikuwepo, ndiyo, hilo liko wazi kwenye historia yao. Lakini haya ni hesabu ya karamu. Tajiri wao, kadangyan, hawezi kujiita tajiri mpaka awalishe watu, na mafuvu ya wanyama aliowachinja ndiyo risiti. Karamu kubwa kuliko zote humpa haki ya kuweka hagabi, benchi refu zito lililochongwa kutoka gogo moja, linalokaa chini ya ukingo wa paa ambapo kila mpita njia ataliona. Sisi wengine tajiri wetu anajenga ukuta wenye vioo juu.

Na zile sanamu mbili za mbao, mwanamume na mwanamke waliokaa au kusimama, ambazo mmeziita "masanamu ya kuabudiwa". Zinaitwa bulul. Mahali pake ni ghalani, karibu na mpunga. Hulinda mavuno yasipungue, na zilipakwa damu ya nguruwe au kuku wakati wa ibada zilizoongozwa na mumbaki, kuhani wao wa jadi. Siku hizi Waifugao wengi ni Wakristo na wazee wa mumbaki wamebaki wachache, na bulul nyingi za kale zimeuzwa au kuibwa, zimekwenda makumbusho na nyumba za matajiri wa ng'ambo. Mimi si mtu wa sanamu. Ila naona hata ulinzi wao wa kiroho waliuweka kwenye ghala, hawakuuweka chumbani kwa kulala, na hilo linaniambia kitu kuhusu vipaumbele vya watu hawa.

Sasa bati.

Mwandishi wenu analia kwamba paa za bati zimeharibu mandhari ya vijiji vya Batad na Bangaan. Ni kweli zinaonekana, ukisimama barabarani ukatazama kijiji cha Bangaan kule chini katikati ya majaruba, yale mabati yanakupiga jua usoni. Ni kweli pia kwamba wataalamu wa urithi wa dunia hawakuyafurahia. UNESCO iliyaingiza matuta ya mpunga ya milima hiyo ya Cordillera kwenye orodha yake mwaka 1995, makundi matano: Batad, Bangaan, Mayoyao, Hungduan na Nagacadan. (Yale ya mjini Banaue kwenye kituo cha kupigia picha, ambayo mmeyaweka ukurasa wa mbele na kuandika "urithi wa dunia", hayamo kwenye orodha hiyo.) Mwaka 2001 yakaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, yakatolewa 2012. Matuta yalikuwa yanabomoka, vijana wanaondoka, maji yanapungua. Paa ni sehemu ndogo ya habari hiyo.

Lakini nani alimuuliza mwenye paa? Mimi nilimuuliza yule mama, kwa sababu bale yake ilikuwa na bati. Mbao zote za zamani, nguzo za babu wa mume wake, halipan nne mahali pake, na juu bati lililoanza kutu. Jibu lake halikuwa na mila wala usasa ndani yake. Alihesabu kwa vidole. Nyasi za kuezekea, zile ndefu za cogon, zinatakiwa vitita kwa vitita, na mlima uliokuwa wa nyasi sasa umelimwa mboga. Nyasi zikipatikana wanahitajika watu wa kukata, wa kubeba, wa kupanda juu. Zamani ilikuwa ubbu, leo kwangu kesho kwako, na hapakuwa na hesabu ya pesa. Wanawe watatu, mmoja Baguio, mmoja Manila, mmoja baharini kwenye meli. Kesho kwako itakuwa ya nani? Basi ukiita watu unawalipa, na unawalisha, na baada ya miaka kadhaa unaita tena. Bati ananunua mara moja, mwanawe wa melini ametuma hela, mafundi wawili wamemaliza. Halafu akaongeza jambo ambalo mtalii hawezi kuliwaza: nyumba za nyasi zilizobanana zikishika moto, hamna wa kuzima.

Huyo ndiye aliyesahau alikotoka?

Gharama ya bati anaijua vizuri kuliko sisi. Alinipandisha tena darini akanionyesha. Alikuwa ametandaza karatasi ya nailoni chini ya bati, ameifunga kwa kamba kwenye fito, imelegea katikati, na katikati pale kuna tundu, na chini ya tundu ndoo. Usiku, hewa ya moto yenye mvuke inapanda kutoka jikoni, inakutana na bati lililopoa kwa baridi ya mlimani, bati linatoka jasho. Jasho linadondoka. Kabla ya ile nailoni lilikuwa linadondokea mpunga. Nyasi hazitoki jasho, zinapumua. Vitita vyake vya juu kabisa alikuwa ameshavihamisha vikae karibu na moshi zaidi, na idadi ya vitita anayoweza kuhifadhi ilikuwa imepungua. Ziada ilikuwa kwenye magunia, kwenye nyumba ya matofali ya mwanawe pembeni, chini. Panya walikuwa wameshaijua.

Ningekuwa bado kazini ningeandika ripoti kuhusu ile nailoni na ndoo, ingesaidia watu wengi kuliko makala ya kulilia mandhari. Kuna njia za kati. Wapo walioanza kuacha nyasi zikae chini na bati likalalia juu yake: nyasi zinanyonya jasho, bati linazuia mvua. Kwa macho ya mpiga picha bado ni bati. Kwa macho ya mpunga ni paa zima. Kama serikali au wafadhili wanataka nyasi zionekane, basi walipie ukataji na uezekaji kila mara zinapokwisha, wasimwachie bibi wa miaka sabini na wanawe wako ng'ambo. Watalii ndio wanaokuja kutazama. Mapato ya hoteli hayapandi ngazi ya bale.

Jambo la mwisho, la miaka. Mmeandika nyumba na matuta "yana umri wa miaka 2,000". Hiyo namba inarudiwa kila mahali, na Wafilipino wenyewe hufundishwa shuleni, kwa hiyo siwalaumu sana. Lakini mwanaakiolojia Stephen Acabado, yeye mwenyewe Mfilipino, amechimba na wenzake Kiangan ya Kale kwa miaka kadhaa, na ushahidi wao unaonyesha kwamba kilimo cha mpunga wa majarubani pale kilishika kasi baada ya Wahispania kufika Luzon, kisiwa ambako Ifugao iko, miaka kama 400 iliyopita. Kabla ya hapo watu walikula magimbi. Hoja yake ni kwamba watu walipanda milimani, wakajipanga na kujenga haraka ili wasitawaliwe. Kwangu hiyo ni sifa kubwa zaidi kuliko ile ya miaka 2,000. Kuchonga milima ile na kuijaza mpunga katika vizazi vichache, huku mkoloni yuko bondeni, na kubuni nyumba ya kuutunza, si kazi ya watu walioganda.

Ombi langu, Mhariri, ni masahihisho kwenye toleo lijalo. Halipan ni kizuizi cha panya. Picha ya ukurasa wa kwanza haionyeshi eneo lililo kwenye orodha ya UNESCO. Na ile picha ndogo ya chini kulia, kinyumba kidogo kisicho na jiko, kimejaa vitita mpaka mlangoni, ambacho mmeandika "makazi ya mjane maskini": hiyo ni alang, ghala la mpunga tu, lisilolaliwa na mtu, na mwenye alang iliyojaa namna ile mwezi wa kabla ya mavuno si maskini hata kidogo. Ninazo picha zangu za chini ya nyumba na za darini, ni za kamera ya filamu, zimefifia kidogo lakini halipan zinaonekana vizuri pamoja na ile ndoo. Mtu wenu akipita Morogoro azifuate, mradi azirudishe.

Bibi shamba mstaafu,
Kihonda, Morogoro